Uji wa Mzazi

Jambo la mwisho la kawaida asubuhi ile lilikuwa harufu ya pilipili manga. Mke wa mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemkorogea uji jirani yao, aliyejifungua juzi.

"Mpitishie mzazi ungali moto," akamwambia mumewe. "Na usiuonje njiani, nakujua."

Mzee akacheka, akaenda. Alipofika langoni akaambiwa kichanga kimefariki alfajiri. Akasimama na ile chupa ya uji mkononi. Kisha, ndugu zangu, akageuka nayo.

"Mbona umerudi nao?" mkewe akauliza.

"Mtoto hayupo tena. Uji wa mzazi tumpelekee nani? Tutamkumbusha bure."

Kumkumbusha! Kwani alikuwa amesahau?

Kina mama wa jumuiya walipomuuliza kama waende, akawajibu kwa sauti ya mtu ajuaye taratibu: "Kichanga hakiwekewi matanga. Waacheni wapumzike." Wakamtii. Mchana akaona ni hasara kuumwaga ule uji, akaunywa.

Jioni baba wa mtoto akabisha hodi, suruali yake ina udongo magotini.

"Shikamoo, mzee. Naomba uji, kama mmebakiza. Mwenzangu maziwa yanamtoka na tumboni hana kitu. Nimejaribu kupika, nimeunguza. Tulidhani ninyi ndio mmepatwa na jambo, maana hakuna aliyekuja."

Mzee akatazama bakuli lake mezani. Lilikuwa halijaoshwa.

Wapendwa, tusimcheke. Sisi tumefika milango mingapi, tukageuka? Mtoto akizaliwa tunajaa sebuleni. Akifa tunasema "mtapata mwingine," tena tukiwa barabarani, tukaiita busara. Mwili uliojifungua unauma vilevile, mtoto awepo asiwepo. Na yule baba aliyechimba kaburi dogo kuliko yote, nani alimshika mkono? Tuliogopa kukosa la kusema. Woga huo tukauvika nguo ya desturi, nayo ikatukaa vizuri.

Asubuhi iliyofuata mzee alikoroga uji mwenyewe, ukatoka na madonge. Akapita nao katikati ya mtaa, mbele ya milango yote aliyokuwa ameizuia.

"Mzee, uji huo wa nani tena?" mama mmoja akauliza kutoka dirishani.

"Wa mzazi," akajibu, wala hakusimama.