Bi Kidawa na Moto wa Mwaka

Sogeeni, wajukuu zangu. Sogeeni zaidi. Wewe mwenye muwa, umalize au uweke chini, maana mdomo wangu hauwezi kushindana na wako. Mlango urudisheni. Nataka kimya, kimya cha kumsikia mchwa akila boriti.

Paukwa?

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Waliomo ndani ya hadithi hii hawakushiba. Paukwa?

Pakawa.

Haya. Hapo kale, kale ya bibi yake bibi yangu, palikuwa na kijiji juu ya kilima. Jina lake halikunifikia, nami sitalitunga. Udongo wake mweusi, ukiufinyanga unanata kama ugali. Mvua yake haikosi. Muhogo wake huung'oi peke yako, unamwita jirani akusaidie kuvuta.

Kijijini humo alikaa bibi kizee, jina lake Bi Kidawa. Mumewe, Mzee Shekue, alikwisha kuzikwa makaburini kule juu, na ubavuni pake palibaki nafasi moja tu, ya Bi Kidawa. Watoto hawakujaaliwa. Kazi ya Bi Kidawa ilikuwa moto.

Moto gani? Moto wa mwaka. Mwaka ukigeuka, kila nyumba inazima jiko lake. Tsss, hapa. Tsss, pale. Kijiji kizima kinakuwa baridi, hata majivu yanazolewa yakatupwe. Kisha Bi Kidawa anakaa uwanjani na vijiti vyake viwili, kimoja kimelala, kimoja kimesimama. Anapekecha. Kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Moshi. Kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Cheche. Moto ukishakolea, watu wanakuja na vigae, na kila nyumba inatiliwa kaa moja kwa mkono wa Bi Kidawa mwenyewe. Vidole vyake vilikwisha kuwa sugu. Alishika kaa la moto kama ninyi mnavyoshika karanga.

Nyumba iliyopewa kaa ni nyumba. Iliyokosa si nyumba, ni kichaka chenye watu ndani.

Basi mwaka mmoja wakaja wageni. Bi Kidawa alikutana nao njiani, kajitwika kuni. Mbele alikuwa mwanamume mrefu, Maghanga, kabeba chungu chenye moto wa kwao uliofukiwa majivuni. Nyuma mkewe, Wakesho, na mtoto mgongoni, na nyuma yao jamaa zao, miguu yote myeupe kwa vumbi.

"Shikamoo, bibi," akasema Wakesho.

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?"

"Kule ambako kisima kinatoa mchanga."

"Na mwaenda wapi?"

Wakesho akacheka, na midomo yake imepasuka. "Hapa hapa, bibi. Tuliambiwa hapa ukimwaga maji uliyooshea kunde, panaota kunde. Nataka na huyu aote."

Akamgeuza mtoto aonekane. Jina lake Mnjala. Kichwa kikubwa, shingo kama kikonyo cha boga.

Jumbe wa kijiji alikuwa Makame, mtoto wa kaka yake Bi Kidawa. Akawatazama wageni mikono, akaona ni mikono ya kazi. Akasema, "Kaeni bondeni. Fyekeni msitu, chimbeni mifereji, tulindieni mashamba yasiliwe na nguruwe. Mwaka ukigeuka mtapewa moto, mtakuwa wenzetu."

Wakafanya kazi. Ko, ko, ko, shoka asubuhi. Ko, ko, ko, shoka jioni. Msitu ukarudi nyuma. Maji yakafuata mifereji kama ng'ombe anayefuata mchungaji. Na kadiri walivyofanya kazi, ndivyo kijiji kilivyozidi kuwachukia.

Kisimani wanawake walisema:

"Wale wanakula panya."

"Umewaona wakila?"

"Sijawaona. Ndiyo maana nasema, wanawala kwa kujificha."

"Na zile nguo zao zina ukame. Wakizikung'uta, mvua yetu itakimbia."

Na watoto waliwafuata wageni njiani, wakipiga makofi: "Mguu-vumbi, mguu-vumbi, kwenu kumebaki vumbi."

Bi Kidawa aliyasikia. Akatikisa kichwa, akajitwika mtungi wake, akaenda zake. Aliona ni mdomo tu, na mdomo utachoka.

Mwaka ukageuka. Tsss, hapa. Tsss, pale. Na bondeni vilevile. Maghanga aliuzima kwa mkono wake ule moto wa kwao, aliokuwa ameubeba njia nzima akiupulizia, asije akafika ugenini mikono mitupu. Akaumwagia maji, maana aliambiwa leo anapewa mwingine.

Kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Moshi ukapanda. Watu wakajipanga na vigae vyao. Wa mwisho kabisa alikuwa Wakesho. Kigae chake alikuwa amekisugua mpaka kikawa kama sahani ya harusi.

Bi Kidawa akalichagua kaa zuri, akalishika, akanyoosha mkono.

"Shangazi," akasema Jumbe Makame. "Hilo lirudishe."

"Ni la nyumba ya Wakesho."

"Bondeni hakuna nyumba. Wangoje mwaka mwingine."

"Uliwaahidi, Makame."

"Niliahidi. Sasa watu wangu hawataki. Waulize."

Bi Kidawa akawatazama watu. Huyu akaangalia kigae chake. Yule akaangalia mawingu. Hata wale aliowapokea mwenyewe siku waliyozaliwa, hakuna aliyemwangalia usoni. Kaa linawaka mkononi. Na mkono wa Bi Kidawa, mkono uliokuwa umeshanyooka, ukarudi nyuma. Akaliweka kaa chini na wenzake.

"Vumilia, mwanangu," akamwambia Wakesho. "Nitasema naye."

Wakesho akashuka na kigae chake cheupe.

Mvua za masika zikaanza. Chwaa, chwaa, asubuhi. Chwaa, chwaa, jioni. Juu kilimani, moshi unatoka kila paa. Bondeni, hakuna. Na sheria ilikuwa hiyo, moto wa mwaka ni mmoja, na anayepekecha wa kwake nyumba yake huvunjwa. Maghanga alijaribu. Akapata moshi kidogo, wenye kijiji wakauona. Vijana wa Jumbe wakashuka, wakauzima, wakavunja vijiti, wakaangusha na ukuta mmoja wa kibanda chake. Bondeni wakawa wanakula kunde zilizolowekwa, wanalala na nguo mbichi.

Bi Kidawa alisema na Makame kama alivyoahidi. Akajibiwa, "Kesho, shangazi." Akasema tena. "Mvua ikipungua, shangazi." Akasema tena. "Hivi shangazi, wale ni ndugu zako?"

Alasiri moja Wakesho akapanda kilima mbio mbio, mvua inampiga, kigae kakifunika kwa jani la mgomba. Akafika barazani kwa Bi Kidawa. Vijana wawili wa Jumbe walikuwa wamekaa pale, wamewekwa kuulinda moto.

"Bibi," akaita Wakesho. "Mtoto miguu imekuwa baridi. Hataki ziwa."

"Mguu-vumbi, shuka," akasema kijana mmoja. "Kwenu si kulikuwa na jua la kutosha?"

Mwenzake akacheka.

Bi Kidawa akatoka ndani na kaa kwenye kigae, kalikinga kwa kanga yake. Safari hii hakumtazama mtu. Kijana akanyoosha mguu, akakipiga teke kigae. Kaa likaanguka mchirizini. Tsss.

Bi Kidawa akageuka kulifuata jingine, wakamzibia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kizee yule, mlangoni kwake, hana pa kupita. Basi akaivua kanga yake kavu, akamfunika Wakesho, wakashuka wote wawili, wanateleza, wanashikana, wanateleza.

Kibandani walimkuta Maghanga amemlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amejikunja juu yake kama kuku aliyefunika vifaranga. Hakuinua kichwa.

"Amelala," akasema Maghanga.

Bi Kidawa akaushika mguu wa Mnjala. Hakuwa amelala.

Wakesho hakupiga ukunga. Alikaa chini, akamwambia Bi Kidawa taratibu, "Bibi, siku ile ulikuwa umeshalishika."

Bi Kidawa akamfumba Mnjala macho.

Sasa mtoto azikwe. Maghanga akachimba kando ya kibanda, maji yakajaa. Akasogea, akachimba, maji yakajaa. Bonde lote lilikuwa tope. Nani anamlaza mwanawe ndani ya maji? Wakamfunga Mnjala katika ile kanga ya Bi Kidawa, wakapanda naye kilimani.

Jumbe na watu wake walikuwa wameshasimama makaburini.

"Hapa wanalala wenye moto," akasema Jumbe.

"Baba," akasema Maghanga, "bondeni kaburi linajaa maji."

"Mrudisheni kwenu."

"Kwetu ni mbali. Hatafika."

"Hilo ni lenu."

Ndipo Bi Kidawa akapita katikati ya watu, na jembe begani. Akaenda moja kwa moja hadi kwa mumewe, Mzee Shekue. Pembeni, pale pa nafasi moja, akapiga jembe. Ko.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nachimba pangu." Ko. "Hapa si pangu?"

"Ni pako. Lakini u mzima."

"Basi kama ni pangu, nampa nimtakaye." Ko. "Maghanga, njoo unipokee, mgongo huu umechakaa."

Maghanga akalishika jembe. Ko, ko, ko. Na udongo wa kule juu, ukishapita tope la mvua, ulikuwa mkavu.

"Ukimtia huyo," akasema Jumbe, "wewe hutalala hapa. Hakuna nafasi nyingine, na mimi sitakupa."

"Najua. Nilipima mwenyewe siku tulipomzika Shekue."

Hapo mzee mmoja, Mbaruku, akamvuta Jumbe mkono, akamnong'oneza: "Mzuie upesi, Makame. Umeisahau sheria ya wazee? Mwenye maiti wake humu hasukumwi na mtu. Mtoto akishafukiwa, mama yake hafukuziki tena wala hanyimwi moto, yeye na jamaa zake."

Jumbe akashtuka. "Mtoeni," akawaambia vijana wake. "Mtoeni shangazi."

Lakini Bi Kidawa alikuwa ameshashuka kaburini, na Mnjala mikononi. Amesimama mle, kichwa tu ndicho kinachoonekana, nywele nyeupe zinachuruzika mvua.

"Haya," akasema. "Nani anashuka kuninyang'anya maiti?"

Vijana wakatazama miguu yao. Na miguu yao, wajukuu zangu, ilikuwa na tope lile lile walilokuwa nalo wageni.

Hakushuka mtu. Bi Kidawa akamlaza mtoto taratibu, akamtengeneza shingo, akapokea mkono wa Maghanga, akatoka. Wakafukia.

Watu husema Bi Kidawa alikuwa na busara, kwamba aliijua sheria ile akawatega wenzake. Aliijua, ndiyo. Lakini Mzee Mbaruku alipokwenda kumsifu, alimkata maneno. "Mwenye busara angetoa kaa," akasema. "Mimi nimetoa kaburi."

Siku ile ile ya maziko akauchukua moto wake katika chungu, mchana, watu wanamwona, akahamia bondeni. Hakuna aliyemzibia njia. Bondeni moshi ukatoka, jiko hili likawasha lile. Jumbe hakuvunja nyumba, maana sheria ilimfunga. Lakini msidhani watu wa bondeni walipendwa. Kisimani waliachiwa nafasi, na hiyo nafasi ilikuwa kubwa mno, maana wanawake walisogea mbali nao, na salamu hawakuitikiwa.

Masika mengine hayakumkuta Bi Kidawa na nguvu. Alilala siku chache, Wakesho anamnywesha uji kwa kijiko, kisha akaaga dunia. Makaburini kule juu hapakuwa na pake. Wakachimba bondeni, maji yakajaa. Wanawake wakashuka kaburini na vifuu, wakachota. Chwaa, wanamwaga. Chwaa, wanamwaga. Maji yanarudi, wanachota. Wakamlaza, wakamfunika kwa mbao, wakazigandamiza kwa mawe ili asielee. Makame alisimama juu ukingoni mwa kilima, kofia mkononi, mvua inamnyeshea. Aliyezikwa alikuwa ni shangazi yake. Hakushuka.

Nyumba ya Bi Kidawa aliirithi Makame, akaitia mbuzi. Vijiti vya kupekechea walivirithi watu wa Makame, na kila mwaka bondeni walipewa kaa lao, kwa kuwa sheria imesema, ila liliwekwa chini, halikutiwa kigaeni kwa mkono. Wakesho alirithi jembe, na kwa jembe lile wanawe waliozaliwa baadaye walilima na kushiba. Na Mnjala alirithi ubavu wa Mzee Shekue, mzee ambaye hakuwahi hata kumwona.

Ninyi mmerithi maneno haya, basi. Ukiwa na kaa mkononi na mwenzako anatetemeka, mpe. Usigeuke kutazama watu wanasemaje. Na anayekuja kwako na mtoto mgongoni, usimuulize miguu yake ina vumbi la wapi kabla hujamkaribisha motoni.

Nimeutua mzigo wangu wa hadithi, na hapa ndipo ulipoishia. Sasa fungueni mlango, mtazame kama kuna mtu nje.