Subilaga na Wachupaji wa Uwanda wa Mwela

Nyasi!
— Zimeota!
Zimeota wapi?
— Uwandani!
Humo ndani kalala nani?
— Tuambie tumjue!

Basi sogeeni. Zamani, zamani hizo, wadudu walipokuwa bado wanajua kusema na watu bado wanajua kusikiliza, palikuwa na uwanda mpana wa nyasi juu milimani, ukiitwa Mwela. Pembeni mwake palikuwa na kijiji cha wafugaji, na kijijini humo alikaa mjane mmoja, jina lake Subilaga.

Kazi yake ilikuwa kukata nyasi za kuezekea. Alikuwa na mundu mmoja, ng'ombe mmoja mweupe aitwaye Nyange, na mdomo usioogopa mtu.

Tangu ng'ombe walipoongezeka, kila mwaka kiangazi kikikaribia kwisha, watu waliuchoma uwanda wote kwa siku moja ili nyasi changa zichipue, ng'ombe wapate kula. Nyumba zilipokezana kuwasha moto. Mwaka huo ikawa zamu ya Subilaga.

"Kabla sijawasha, nikate mzigo wa mwisho," alisema. "Paa langu linavuja."

Akaingia uwandani asubuhi, umande haujakauka. Akashika fungu la kwanza, akainua mundu. Akasikia sauti nyembamba:

"Mkataji, mkataji, taratibu!
Nimeshona nyumba, nimo ndani."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mtu. Akaliacha, akashika fungu la pili, akainua mundu.

"Mkataji, mkataji, taratibu!
Nimeshona nyumba, nimo ndani."

"Leo nimeamka vibaya," akasema. Akashika la tatu.

"Mkataji, mkataji, taratibu!
Nimeshona nyumba, nimo ndani!"

Sasa akainama. Akaona jani moja limekunjwa kama bomba, kingo zake zimeshonwa kwa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele. Ndani yake alikuwamo kiwavi wa kijani, kichwa kikubwa, shingo nyembamba.

"Wewe ndiye unayesema?"

"Ndiye mimi."

"Mtoto wa nani?"

"Wa mchupaji."

Subilaga akakaa chini. Wachupaji aliwajua. Ni wale vipepeo wadogo wa rangi ya machungwa, miili minene, vipapasio vimepinda nchani kama ndoana. Hawapepei kama vipepeo wengine. Wanachupa, huku, kule, huku, hata jicho linawapoteza. Alipokuwa msichana walijaa kwenye maua ya uwanda. Lakini mwaka uliopita alimwona mmoja tu, na hata huyo hakuwa na hakika naye.

"Wenzako wako wapi?" akauliza.

"Mwaka juzi moto ulitukuta majanini. Mwaka jana moto ulitukuta majanini. Tuliobaki ni sisi wa kona hii ya machweo, kwa sababu palikuwa na tope, moto ukafa. Mwaka huu tope limekauka, mama."

"Si mkimbie?"

"Kwa miguu hii?"

Subilaga akacheka, kisha akaona haya.

"Basi hamieni mashambani."

"Tunakula jani hili tu. Jingine hatulijui."

"Na nikiwaokoa, mtanipa nini?"

Kiwavi akafikiri sana. "Sina kitu," akasema, akarudi ndani ya jani lake.

Jibu hilo ndilo lililomshika Subilaga. Angeahidiwa shanga au kundi la ng'ombe, angejua anadanganywa. Siku ile hakukata hata unyasi mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake Mwakibete, mkuu wa wafugaji, akamkuta na wenzake wakinywa togwa.

"Shemeji, mwaka huu tusichome uwanda wote. Tuugawe sehemu tatu. Sasa tuchome upande wa mawio, mwakani katikati, mwaka wa tatu upande wa machweo. Kuna waliolala humo."

"Akina nani?"

"Wachupaji."

Wanaume walicheka mpaka togwa ikawatoka puani. Mwakibete alifuta ndevu. "Mdudu amekutuma kwangu, shemeji? Na ng'ombe wakikonda?"

"Wakikonda, mchukue Nyange wangu."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua kwamba maziwa ya Nyange ndiyo chakula cha Subilaga.

"Umesema wewe," Mwakibete akasema. "Zamu ni yako. Una siku tatu."

Siku ya kwanza, Subilaga alifyeka njia pana ya kuutenga upande wa mawio, ili moto ukifika usipate cha kula. Viganja vikatoka malengelenge. Siku ya pili alifyeka, malengelenge yakapasuka. Usiku usingizi haukuja, akawaza, "Nimemweka rehani Nyange kwa ajili ya kiwavi. Nina akili mimi?" Siku ya tatu aliamka, akafyeka tena. Adhuhuri wanawake wanne wakaja na miundu yao, hawakuuliza kitu, wakamaliza naye.

Moto ukawashwa. Ukala nyasi za mawio, ukanguruma, ukafika kwenye njia, ukasita. Mara upepo ukageuka, cheche zikavuka! Subilaga akakimbilia na tawi bichi, akapiga, akapiga, akapiga. Moshi ukamfumba macho. Akasikia mtu mwingine anapiga kando yake, anakohoa na kutukana. Kumbe Mwakibete, shuka lake limeungua pembe.

"Usidhani nimekuja kwa ajili ya wadudu wako!" akafoka. "Nimekuja kwa ajili yako!"

Moto ukafa.

Nyasi changa zikachipua upande wa mawio, ng'ombe wakala siku chache, zikaisha. Watu wakangoja mvua. Wiki ikapita, haikuja. Ya pili, haikuja. Ya tatu, haikuja. Palipochomwa pakabaki vumbi jeusi, na mbavu za ng'ombe zikaanza kuonekana.

Mwakibete akaja mlangoni kwa Subilaga. Akakohoa. Akatazama miguu yake.

"Shemeji, zile nyasi zako kavu..."

"Zangu? Si za uwanda?"

"Za uwanda."

"Basi ng'ombe waingie. Lakini kwa zamu, na kona ile ya tope wasiikanyage."

Ng'ombe wakaishi kwa nyasi zile kavu mpaka mvua iliponyesha, na Nyange hakuhama banda lake.

Maua yalipofunguka, Subilaga alikwenda uwandani. Akamwona mchupaji mmoja juu ya ua. Akaona wawili. Akaona watano, kumi, akaacha kuhesabu. Mmoja akatua kwenye kidole chake, mabawa ya mbele ameyasimamisha, ya nyuma ameyalaza, akachupa, akapotea. Tangu siku ile Subilaga hakusikia tena sauti ya mdudu yeyote, na hakusikitika. Aliketi mpaka jua likawa kali, anatabasamu peke yake.

Mwaka uliofuata, ilipofika zamu ya kuchoma katikati, watu walimkuta Mwakibete amepiga magoti uwandani, mzee mzima, anafunua nyasi kwa ncha ya fimbo.

"Unatafuta nini, baba?"

"Shh," akasema. "Nawahesabu."

Hilo ndilo nililotaka mlijue: ardhi moja inalisha wengi, na anayechukua haki yake awaachie wengine mahali pa kulala. Nami nilipita kijijini hapo nikaomba togwa. Wakaniambia yote iliwatoka puani.

Ngano nimeitua.
— Tumeipokea!
Ni nzito?
— Tutabeba!