Mkia wa Wingu wa Basotu

Nyinyi mnaosubiri nakala zenu, vumilieni kidogo. Mashine haijaharibika. Nimeizima kwa sababu hapa mezani nina fomu moja inayotakiwa kutumwa kabla ya saa kumi, na siwezi kuituma mpaka mnisaidie.

Wale vijana watatu waliokaa barazani, kila mmoja pembe yake, ndio wenye fomu. Jana asubuhi walikuwa marafiki.

Yule mwenye baibui lililokauka matope ni Ramla. Anasoma mawingu. Alijifunzia kwenye kituo cha kupimia mvua cha shule aliyosoma, na walimu wake wenyewe walikuwa wakimuuliza kama waanike mahindi au wasubiri. Yule mrefu ni Mghenyi. Anaendesha gari kuukuu la baba yake, lile lenye magurudumu manne yanayovuta, na huku Singida hakuna tope lililowahi kumlaza njiani. Wa tatu, mwenye kitambaa juu ya jicho, ni Tumsifu, mpiga picha. Maarusi wa mji huu wanamjua.

Miaka miwili sasa wamekuwa wakifukuza mvua pamoja. Wakiona wingu limesimama vibaya, wanapanda gari na kulifuata, wanapiga picha, wanarudi wamelowa na wanacheka. Sasa chuo kimoja cha mbali kimetangaza nafasi ya masomo ya hali ya hewa, miaka miwili, gharama zote juu ya chuo. Atakayeipata ni yule atakayeleta picha ya mkia wa wingu, lile bomba jeusi linaloshuka kutoka juu likizunguka mpaka liguse ardhi. Kikundi kinaruhusiwa, ila jina la mwanafunzi ni moja, na wenzake wote lazima watie saini kwamba wamekubali.

Basi jana wakaondoka kuelekea Katesh, wakaupita mlima Hanang, wakaingia kwenye mashamba ya ngano ya Basotu. Saa nane mchana wakafika njia panda.

Upande wa kulia mbingu ilikuwa nyeusi tii na radi zinapiga. Upande wa kushoto kulikuwa na wingu moja tu la kijivu, chini limenyooka kama meza. Mghenyi akakata usukani kwenda kulia.

"Kushoto," Ramla akasema.

"Kushoto kuna nini?" Tumsifu akamuuliza. "Umeshatupoteza mara mbili mwezi huu."

"Mvua ya kulia inamaliza kunyesha. Hili wingu ndilo linaanza kuzunguka. Tazameni upepo, unaingia chini yake."

"Upepo gani? Wewe unajisikiliza mwenyewe tu," Mghenyi akasema, akakanyaga mafuta.

Ramla akafungua mlango gari likiwa bado halijashika kasi, akashuka, akaenda kukaa chini katikati ya barabara, mbele ya gari. Mghenyi akapiga honi mpaka akachoka. Tumsifu akamwita majina ambayo sitayarudia hapa, kwa kuwa mna watoto. Ramla hakuinuka. Mwishowe wakageuza kwenda kushoto, Ramla akapanda, wakaendesha nusu saa.

Kisha lile wingu la kijivu likaanza kuzunguka. Likateremsha ncha, ncha ikawa mkia, mkia ukagusa ngano. Ramla anasema kilichomtisha ni mlio wake. Ulikuwa kama lori linalopanda mlima bila kufika. Na ulikuwa unakuja upande wao.

Mghenyi akataka kulirudisha gari nyuma, likazama. Mnaujua ule udongo mweusi, ukilowa haushiki kitu. Akatoka, akapunguza upepo kwenye matairi, akatoa mazulia ya gari na kuyasukuma chini ya magurudumu ya mbele. Ya nyuma yakabaki yanazunguka bure. Hapo akafungua buti, akachukua miguu mitatu ya kamera ya Tumsifu, ile aliyoinunua kwa jasho la harusi za mwaka mzima, akaivunja kwa goti na kuipachika chini ya gurudumu.

Tumsifu akamzaba kofi.  Mghenyi akaingia, akalitoa gari lile topeni kwa gia ya kwanza, taratibu, wakati mabati ya ghala la jirani yakiruka hewani. Ghala lilikuwa tupu, tunashukuru. Mkia ukapita pale pale walipokuwa wamekwama. Ramla aliniambia mwenyewe, "Mama, tungekuwa tumekufa." Alisema hivyo akiwa hamtazami Mghenyi.

Walipofika mbali kidogo, Tumsifu akamwambia Mghenyi asimame. Mghenyi akakataa.

"Imetosha. Tunaondoka."

"Sijapata picha."

"Piga hapo ulipo, dirishani."

"Dirishani itatoka ukungu. Simama."

Mghenyi hakusimama, Tumsifu akaruka. Mvua ya mawe ikawa imeanza, mawe makubwa kama ndimu. Kwa kuwa miguu ya kamera haikuwepo tena, akalala juu ya kichuguu, akakita viwiko na kuzuia pumzi. Jiwe likampasua nyusi, damu ikaingia jichoni, akahamia jicho la pili. Ramla na Mghenyi walikuwa ndani, simu zao mifukoni, bila kupiga picha hata moja. Mghenyi akapaza sauti kwamba anahesabu mpaka tano. Alipofika tano akaondoa gari.

Alikwenda kama hatua thelathini, akasimama. Yeye anasema alitaka kumtisha tu ili aingie. Tumsifu anasema alimwacha afe. Ramla, ambaye angeweza kutuambia ukweli, anasema alikuwa amefumba macho.

Picha nimeiona. Nimechapa picha nyingi katika duka hili, za pasipoti na za misiba, ila hii ilinisimamisha. Mkia umesimama wima juu ya ngano, mabati yamening'inia hewani kama karatasi, na chini kabisa kuna mwanga wa manjano ambao sijui ulitoka wapi.

Walilala garini kijiji cha mbele bila kusalimiana, na leo saa nane wakaingia hapa kwangu. Nikampa Ramla kitambaa safi akamfunge mwenzake jeraha. Tumsifu akakataa kukipokea kwa Ramla, mpaka nilipompa mimi. Nikawauliza jina la nani liandikwe, na kila mmoja akataja lake.

"Wao wangepiga picha ya mvua ya kawaida," Ramla akasema. "Mimi niliuona huo mkia kabla haujakuwepo. Na masomo yenyewe ni ya hali ya hewa, mama, si ya udereva. Vyuo vitatu vimeshanikataa."

Mghenyi akasema, "Maiti hutuma picha? Wako hai kwa sababu yangu. Na lile gari, baba hajaona bado lilivyopondwa na mawe. Akiliona, sina pa kulala."

Tumsifu alisema kidogo kuliko wote. "Wote watatu tulikuwepo. Aliyeshuka kwenye mawe ni nani?"

Nikawaambia watumie picha bila jina. Haipokelewi. Nikawaambia wapige kura. Ramla akasema hataki kupigiwa kura na mtu aliyemtukana njiani, na wale wawili wakasema hawamwamini kuhesabu. Nikawashauri waiache kabisa, wabaki marafiki. Mghenyi akacheka kicheko kibaya, akasema marafiki gani.

Mwishowe wakatia saini zote tatu, pale penye jina pakiwa wazi, wakanisukumia fomu na kalamu. "Andika wewe, mama. Wewe hukuwepo." Wakatoka nje.

Nami nimekaa nayo hapa tangu saa tisa. Nikitaka kumwandika Ramla, naona damu ya yule mpiga picha. Nikitaka kumwandika Tumsifu, nakumbuka kwamba bila Mghenyi asingekuwa hai kuipiga hiyo picha. Nikimgeukia Mghenyi, nazisikia zile hatua thelathini.

Saa ya ukutani inasema kumi kasoro dakika nane. Tazameni, wamegeuza shingo wote watatu wananiangalia, na wao kwa wao hawaangaliani.

Haya, kalamu hii hapa. Ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?