Tanga la Mtungi wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, siku hizo wanyama wakipanga nyumba na viwanja kama baba zenu wanavyopanga, palikuwa na kilabu cha pombe ukingoni mwa mto. Wewe uliyecheka, cheka umalize. Nimesema kilabu, na pombe yenyewe ilikuwa ya mtama. Wale walikuwa watu wazima. Nyinyi mtakunywa uji.

Mwenye kilabu alikuwa Bi Nguchiro, mjane, kamwili kake kote kanaenea kwenye kapu la mayai. Mumewe aliliwa na chatu, akamwachia watoto tele na mama mkwe mmoja, na huyo mama mkwe alikuwa mzito kuliko watoto wote. Bi Nguchiro akaona isiwe tabu. Akamwacha mama mkwe nyumbani, akahamia mtoni na wanawe, akachimba udongo pale pale ukingoni, akafinyanga mtungi mkubwa kumshinda yeye mwenyewe, akaanza kupika.

Basi pombe ikanoga. Nyati akitoka kubeba mizigo alipitia pale. Ngiri alipitia pale hata kama hakuwa ametoka popote. Fisi yeye hakuwa mtu wa kupitia, alikuwa anashinda. Walionuniana walipatanishwa pale, na mwenye posa aliipeleka pale ikajadiliwa kwanza. Bonde zima hapakuwa na mahali pengine ambapo swala angekaa jirani na fisi wakaulizana habari za nyumbani.

Lakini kiwanja kilikuwa cha Kiboko. Yeye na Bi Nguchiro walipatana kwa mdomo, mbele ya watu: kaa hapa, mpaka masika ya mwaka ujao yakatike. Na mwaka ule ukafika, na masika yakakatika. Mvua haina rafiki.

Kiboko akaja mchana, watu wamejaa. Hakukaa.

"Hamjambo."

"Hatujambo, mzee. Karibu kibuyu."

"Sikuja kunywa. Bi Nguchiro, masika yamekatika."

"Nimeona, baba."

"Kesho asubuhi Nyati atakuja kutoa vyombo vyako. Akimaliza, nitapakanyaga hapa pawe dimbwi."

"Baba, dimbwi si unalo?"

"Ninalo la asubuhi, na ninalo la jioni. Mchana sina pa kugaagaa."

Akageuka, akaenda zake, ardhi inatetemeka tii, tii, tii. Nyati alikuwa amekaa pembeni na kibuyu mkononi, akainamisha kichwa. Kazi ni kazi, alisema.

Pale kilabuni ikawa kelele. Ngiri akasema tupigane. Akaulizwa nani ataanza, akasema yeye alikuwa anatoa wazo tu. Fisi akasema tunywe kila kitu, ili Nyati asiwe na cha kubeba. Hilo lilipata wengi wa kuliunga mkono.

Bi Nguchiro hakunywa. Aliona watoto wake wanacheza nyuma ya mtungi, akauona moyoni na uso wa mama mkwe wake kule nyumbani, ule uso wa siku ya kupokea mkwe aliyerudi na mizigo kichwani. Moyo ukamuuma sana. Kisha akamwita Fisi kando.

"Ndugu yangu, nyinyi na akina Kiboko si ni watani?"

"Tangu jadi. Babu yangu alimla babu yake."

"Akiwa hai?"

"Alikuwa ameshakufa. Sisi si washenzi."

Enhe, watoto, utani mnaujua. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitoweo, na msibani kwako ndiye anayefanya vituko, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umevunja mila. Sasa sikilizeni na mila nyingine za bonde lile. Penye msiba hafukuzwi mtu. Anayevuruga matanga, siku yake yeye hazikwi na mtu. Mwenye msiba haogi mpaka tanga lianuliwe. Na tanga halianuliwi mpaka mwenye msiba asimame amtaje mrithi mbele ya waombolezaji. Kiboko alizijua zote hizo, alikuwa mkubwa wa bonde. Kuzijua alizijua.

Asubuhi Bi Nguchiro akauendea ule mtungi wake mkubwa. Alijiambia asilie, lakini aliukumbatia kwanza, maana ndio uliomlishia watoto. Akausukuma. Paa! Ukawa vigae.

Akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha kweli, na waliokuja kumsaidia kulia wakajikuta nao wanalia kweli. Mikeka ikatandikwa. Ngiri akachimba kaburi, kazi anayoiweza. Swala wakafunga khanga viunoni wakakoka moto wa kupikia wageni.

Nyati akafika na kamba zake begani. Kusikia kilio, akavua kofia, akaketi.

Kiboko akaja nyuma yake. "Nyati, mbona umekaa?"

"Pana msiba, mzee."

"Beba vyombo."

"Vya wafiwa? Hapana, mzee. Mama yangu yuko hai, atasikia."

"Nani kafa?"

Bi Nguchiro akafuta machozi. "Mtungi, baba."

"Mtungi?"

"Ghafla. Jana alikuwa mzima."

Kiboko akapanua pua. "Mtungi haufi! Nitakanyaga mikeka hii yote."

Nyati akakohoa. "Mzee, nisamehe. Ukivuruga matanga hutazikwa. Na wewe, kwa heshima zote, unahitaji wabebaji wengi."

Kiboko akasimama akawaza hilo. Watu wote walikuwa wanamtazama, na ni kweli walikuwa wengi, na ni kweli baadhi yao ndio wenye mabega.

"Basi azikwe upesi," akasema. "Mwenye msiba ni nani?"

"Ni wewe, baba," akasema Bi Nguchiro.

"Mimi?"

"Mtungi ni udongo, na udongo nilichimba ukingoni kwako. Marehemu ni mtoto wa ardhi yako. Mimi nilikuwa mlezi tu."

Watu wakageuka wote kwa pamoja. "Pole, mzee." "Poleni sana kwa kuondokewa." "Mungu akutie nguvu." Swala mmoja mzee akamshika mkono akaulilia.

Sasa Kiboko, nyinyi hamumjui. Tangu aupate ukubwa hakuna aliyewahi kumpa pole. Watu walimpisha njia, basi. Akasimama pale, kinywa wazi, akasema, "Ahsanteni." Kisha akasema, "Alikuwa mtungi mzuri." Na kabla hajajua, ameketi juu ya mkeka, na chozi linamtoka.

Hapo ndipo alipokwisha.

Wakamzika marehemu, yaani vigae. Kabla kaburi halijafukiwa, Fisi akaruka ndani ya kaburi akalala chali, mikono kifuani.

"Fisi, toka," akasema Kiboko.

"Sitoki. Mimi mtani. Siku ya babu yako tulitoka na shibe, leo hata mfupa hamna. Ukoo gani huu unaozika vigae?"

Watu wakacheka, maana ni utani. Kiboko naye ikabidi acheke, maana ni mila. Lakini jua lilikuwa limepanda. Ngozi ya kiboko na jua haviivani, akikaa nje ya maji mchana inakauka, kisha inapasuka. Nzi wakaanza kumjia. Alikuwa anaona mto kwa macho yake, unapita taratibu hapo chini.

"Naomba nikajimwagie maji kidogo," akasema.

Swala mzee akatikisa kichwa.

"Mfiwa haogi, baba," akasema Bi Nguchiro kwa upole. "Tanga bado."

"Linaanuliwa lini?"

"Wakati wowote mwenye msiba akiwa tayari. Wengine hukaa wiki nzima."

Kiboko akajikuna mgongo, ukatoa sauti kama gome. "Niko tayari. Nisemeje? Nimesahau mpangilio wake."

Fisi akajibu kutoka kaburini, bila kufumbua macho. "Mimi nitakuuliza, wewe jibu. Marehemu anarithiwa na nani?"

"Nguchiro. Mwingine nani?"

"Anarithi nini?"

"Vyote vya marehemu. Vigae vyake, majivu yake, vyote. Mimi sivitaki."

"Sema kwa sauti, kuna wazee hapa."

"Vyote!"

"Marehemu alikuwa akikaa wapi?"

"Hapo! Si mnaona alipokuwa akikaa?"

"Mrithi naye akae wapi?"

"Akae hapo hapo alipokaa marehemu. Jamani, mgongo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka naye afe arithiwe na wanawe! Nimemaliza?"

Fisi akafumbua macho, akatoka kaburini, akajikung'uta. "Umemaliza, mtani. Tanga limeanuliwa. Pole sana."

Kiboko hakusubiri. Akateremka mbio, akajitupa majini chubwi, na mto ukapanda mpaka kwenye mikeka. Akazama. Akakaa huko chini akiona raha ya maji, na raha ilipomtulia akili ikarudi. Akaibuka, masikio kwanza.

"Bi Nguchiro."

"Abee, baba."

"Nilisema nini pale juu?"

"Ulisema vizuri sana, baba. Mpaka wengine walilia."

"Nilisema ukae."

"Nikae, na wanangu nao wakae. Wote tumesikia."

"Mimi nimesikia," akasema Nyati, akaanza kukunja kamba zake.

Kiboko akawatazama. Mto mzima ulikuwa wake, na ukingo wote, na hapakuwa na mnyama pale ambaye asingeweza kumlalia akamaliza habari yake.

"Maneno ya tanga," akauliza, "hayawezi kurudishwa?"

"Yanaweza, baba," akasema Bi Nguchiro. "Tutamfukua marehemu, utakuja kuketi mkekani, tutaanza upya."

Kiboko akalitazama jua. Lilikuwa utosini. Akawatazama waombolezaji, akaona kila mtu amejisogeza kidogo kumwachia nafasi juu ya mkeka.

Akazama.

Wiki ile ile Bi Nguchiro alichimba udongo mwingine. Safari hii Kiboko mwenyewe ndiye aliyemwonyesha palipo na udongo mzuri, maana alisema hataki kufiwa tena ovyo ovyo.

Haya, hadithi yangu inaishia mtoni, nami koo limekauka, nani ananiletea maji. Na nyinyi shikeni hili moja: ukiwa na nguvu zote za duniani, angalia unachokisema mbele za watu siku una haraka ya kwenda kuoga.