Sikudhani na Zimwi Lisilobisha Hodi

Paukwa!
Pakawa!
Nilikuwepo!
Ulikuwepo!
Na anayebisha?
Azibe masikio!

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, nimekaa juu ya gogo, wala sikupepesa.

Hapo kale, kwenye bonde la mvua za kila siku, palikuwa na chura wa kike, jina lake Sikudhani. Mgongo wa dhahabu, miguu kama imepakwa hina. Alikaa na mdogo wake, Kibibi, kwenye jani walilorithi kwa mama yao, naye kwa mama yake.

Basi siku moja likaja zimwi limevaa miwani. Kubisha hodi? Wapi! Likafunua jani, likapiga ukelele: "Nimegundua! Chura mpya! Hajapata kuonekana!"

"Dada," Kibibi akanong'ona, "mbona sisi tunaonana kila siku?"

Zimwi likazibua kibuyu chake cha uchawi. Kibuyu hicho humeza yeyote anayeitika mbele ya mdomo wake.

"Tangu leo jina lenu Zimwia, kwa heshima yangu. Ewe Zimwia!"

Kibibi, mtoto wa adabu, akaitika: "Abee!"

Chwap! Kibuyuni.

Sikudhani alitaka kulitukana zimwi lile mpaka babu yake. Lakini akitoa sauti, naye kaliwa. Akafumba mdomo.

"Ewe Zimwia!"

Kimya.

"Ewe Zimwia usiye na kwenu!"

Kimya.

"Ewe Zimwia, hukuwepo mpaka nilipokuona!"

Sikudhani akavimba, akavimba, akavimba, ngozi ikawa ngoma. Kimya.

"Shauri yako!" Zimwi likajibwaga chini, kibuyu wazi mapajani. "Jani langu, bonde langu. Hapa ni kwangu!"

Ni kwako? Sikudhani akawaza, akaruka nyuma ya jani.

"Hodi! Hodi hapa! Hodi, mwenye nyumba!"

Zimwi likatengeneza miwani, likajishaua: "Karibu!"

Chwap! Kichwa, tumbo, nyayo, lote kibuyuni! Kibibi akakosa pa kukaa, akachomoka kama mbegu ya chungwa. Sikudhani akaziba kwa tope, akakaa juu ya kizibo.

"Naitwa Sikudhani, ewe usiye na haya! Ungebisha hodi, ungeuliza, ningekwambia!"

Hadithi yangu imeishia hapo, kibuyu kimezibwa. Ukifika kwa watu, bisha hodi, uliza jina. Mwenye nyumba hagunduliwi!

Na ile miwani? Haya, miwani nililivisha mimi. Zimwi halikuwa na miwani. Lilikuwa halioni tu.