Safari ya Gari la Mzee Shaame

"Mpe ufunguo aliyekuonyesha mkwaruzo."

Wajukuu wa Bi Time, kule Wete, walimsikia akimwambia hivyo jirani aliyekuwa akitafuta fundi wa kuezeka nyumba. Jirani alipoondoka wakamzunguka. "Bibi, ufunguo gani tena, na mkwaruzo wa nini?"

Bi Time akacheka. "Kaeni basi. Neno hili lina wenyewe, na lilizaliwa hivi."

Alikuwapo mkunga mmoja, Bi Mize, Mpemba aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka thelathini. Mumewe, Mzee Shaame, alikuwa dereva wa lori mpaka ajali ilipomkata miguu yote miwili. Akajifungia ndani mwaka mzima, hataki kutoka hata barazani. Ndipo Bi Mize alipotafuta fundi akatia wenzo wa chuma kando ya usukani wa gari lao dogo: ukiuvuta gari linakwenda, ukiusukuma linasimama. Siku Shaame alipozunguka mtaa peke yake, alirudi akiimba. Tangu hapo Bi Mize aliliosha gari lile kila Ijumaa kwa mikono yake, na ole wake aliyelisema vibaya.

Alipostaafu, wakaamua kurudi kwao Pemba. Vyombo vya nyumba waliweza kuvigawa. Gari, hapana. Likiharibika njiani, Shaame angerudi kukaa ndani.

Kampuni ya kwanza ya usafirishaji aliyoiendea ilikuwa na kiyoyozi na vijana waliovaa tai. Mkubwa wao alichungulia dirishani tu. "Mashallah, mama! Gari kama bibi harusi, halina hata doa. Niachie ufunguo, Jumanne utalikuta bandari ya Mkoani, Pemba."

Bi Mize akatoka kifua mbele. Akapita na kwa Bwana Nyange, msafirishaji mwingine aliyesifiwa na majirani. Huyu alilala chini ya gari na tochi, akazunguka, akapapasa milango, akaandika.

"Mikwaruzo kumi na miwili," alisema. "Taa ya nyuma ina ufa. Oili inavuja kidogo. Na wenzo huu, mama, ni wa nini?"

"Baba, kazi yako kulisafirisha au kulitukana?"

"Nisipoandika leo, mama, kesho nikilikwaruza nitaweza kusema nililikuta hivyo."

Bi Mize akapanda garini. Akatia gari moto akaenda zake. Nyumbani alimweleza mumewe huku machozi yakimlenga. Shaame akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mke wangu, katika hiyo kumi na miwili, sita ni yako."

"Minne," alisema Bi Mize.

Asubuhi akarudi kwenye kiyoyozi. Akaweka ufunguo mezani, akasema, "Mwambie dereva aangalie ule wenzo."

"Wenzo gani, mama?"

"Wa kuendeshea. Mume wangu hana miguu."

"Aa, hivyo vitu vidogo vidogo vijana watajua hukohuko."

Mkono wa Bi Mize ulikuwa bado haujauacha ufunguo. Kitu kidogo! Akauchukua, akaaga kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwa Nyange. Alifika ameinamisha uso.

"Nilikukasirikia bure, baba," alisema. "Uliuliza wenzo ni wa nini. Ndiyo miguu ya mume wangu."

Nyange akamwita dereva wake. Bi Mize akamfundisha kuutumia, mara moja, mara mbili, mpaka akaridhika. Kisha wakauzungushia kipande cha godoro, wakaufunga kamba.

"Meli ni Alhamisi, si Jumanne," alisema Nyange. "Na nitasafiri nalo mwenyewe."

Alhamisi meli ilipotia nanga Mkoani, Bi Mize na mumewe wakingoja bandarini, Nyange alitangulia kushuka, uso umemsawijika. "Mama, kuna mkwaruzo wa kumi na tatu. Mlango wa kushoto. Huo ni wetu, na tutautengeneza."

Bi Mize akauinamia mlango. Ilibidi aonyeshwe kwa kidole. "Usingesema, nisingeuona," alisema polepole.

Wakampandisha Shaame kwenye kiti cha dereva. Akavuta wenzo, gari likapanda mwinuko wa bandari, honi zikilia, na Bi Mize pembeni yake akilia na kucheka.

Basi kila aliyemuuliza ampe nani gari lake alijibiwa neno hilo hilo. Likaenea mpaka kwa watafutao mafundi. Hata mpwa wake alipoposwa na wawili, mmoja akiahidi kila kitu, wa pili akikiri kwamba ana hasira za haraka na anakoroma, binti alimwendea shangazi yake kuomba shauri.

"Binti huyo ndiye mimi," alisema Bi Time.

Wajukuu wakaangua kicheko, maana mle chumbani babu yao alikuwa akikoroma mchana kweupe.

"Na shangazi Mize hakusema mengi," alimalizia Bi Time. "Aliniambia, 'Mwanangu, mpe ufunguo aliyekuonyesha mkwaruzo.'"