Sanamu Ndani ya Nailoni

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja aliyesomea ukunga katika chuo kikuu fulani. Darasani hakuwa na mpinzani. Siku ya mahafali mama yake alimvika taji la maua, na wajomba wakacheza mpaka vumbi likatimka. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa leseni, kwani bila leseni mkunga haruhusiwi kumhudumia mama mjamzito.

Akaingia chumba cha mtihani. Mezani palikuwa na sanamu la mama anayejifungua, na ndani yake mtoto wa mpira aliyekwama mabega. Binti akaanza kueleza hatua za kufuata, moja baada ya nyingine, wala sauti haikutetemeka.

"Binti, sikuja kusikiliza hotuba," mtahini akamkatiza. "Mtoto anakufa huyo. Mtoe!"

Binti akanyoosha mikono. Mikono haikujua pa kushika.

Alifeli. Wenzake nao, karibu wote, walifeli.

Mkuu wa chuo akaitisha kikao ili ajue chanzo. Wahitimu wakakalishwa nyuma. Mhadhiri mmoja akasema vijana wameingia chuoni na alama dhaifu za sekondari. Mwingine akasema ni Kiingereza. Wa tatu akasema ni simu, wanalala nazo kama wachumba. Binti alisikiliza huku moyo ukimchemka, maana wote mle ndani walijua. Chuo kilikuwa na sanamu kama lile la mtihani, zuri, jipya. Lilikaa kabatini, bado limo kwenye nailoni yake ya dukani, kama sisi tunavyofunika makochi ya sebuleni. Wakija wakaguzi hutolewa, hupigwa picha, hurudishwa. Tangu aanze chuo mpaka anahitimu, binti alikuwa amelitazama kupitia kioo tu.

Akasimama. "Mheshimiwa, tunaomba ufunguo wa kabati, tujifunzie kabla ya kurudia mtihani."

"Mlichafue? Mlivunje mkono?" Mkuu akacheka. "Mwezi ujao tuna wageni, mwanangu. Ninyi someni. Na Jumapili nitawapeleka kanisani mkaombewe."

Kweli, Jumapili akawapeleka, wamevaa sare nyeupe zilizopigwa pasi. Wakapiga magoti madhabahuni. Mchungaji akanyoosha mikono juu ya vichwa vyao. Ndipo binti yule akainuka.

"Baba Mchungaji, naomba usituombee sisi. Mwombee mkuu wetu. Ufunguo anao mfukoni."

Na mkuu wa chuo, bila kujijua, akaufunika mfuko wake kwa kiganja.

Mnacheka, ndugu zangu? Ngojeni kwanza. Yule mkuu ni nani kama si sisi? Tunamwomba Mungu atupe wakunga, na mikono yao tumeifungia sisi wenyewe. Tunamwomba awape watoto wetu akili, na kitabu tumekiweka juu ya kabati wasije wakakichana. Tunataka taji la maua, tunataka picha, tunataka wageni watusifu. Mama anayetokwa damu atafanya nini na picha zetu?

Halafu tukishachelewa, tunakuja na jeneza na maneno yetu laini: ni mapenzi ya Mungu. Nimeyasikia maneno hayo. Niliambiwa nikiwa nimesimama mbele ya kaburi la mwanangu, yeye na kichanga chake pamoja, waliofia mikononi mwa mkunga aliyejua kila kitu kwa mdomo tu. Mungu nampenda. Na kwa kuwa nampenda, nakataa asingiziwe. Mungu hakulifunga kabati lile!

Kwa hiyo leo hatutaanza na sala. Kila mmoja wetu, kuanzia mimi niliye hapa mbele, aingize mkono mfukoni kwanza. Tuone tumeshika nini. Tukishakitoa, ndipo tutapiga magoti.